Kosa la Njia: Serikali Inapouza Ilichokamata

Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya hutoka kila Ijumaa, na wanaolisoma kwa raha zao ni wachache. Mie ni mmoja wao. Huruka teuzi za bodi na hati za ardhi zilizopotea, nikaenda moja kwa moja kwenye matangazo ya Kamishna wa Forodha. Maneno yake hayabadiliki sana. Kwamba kwa mujibu wa kifungu cha 42 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, bidhaa zilizoorodheshwa hapa chini zisipoondolewa katika ghala la forodha Kilindini ndani ya siku 30, zitahesabiwa kuwa zimetelekezwa na zitauzwa kwa mnada wa hadhara. Kisha inafuata orodha: nambari ya fungu, jina la meli, tarehe iliyotia nanga, nambari ya kontena, jina la mwenye mzigo, na mzigo wenyewe. Magari yaliyotumika, mitumba, vigae, vipuri.

Ukiisoma polepole utaona kuwa ni orodha ya hasara. Kila mstari una mtu ambaye hesabu zake zilikwenda mrama: ushuru ulimshinda, mshirika alimkimbia, au karatasi zilikataliwa. Na mahali fulani kuna mtu mwingine anayeusoma mstari huo huo akitafuta gari la bei nafuu.

Kwetu sisi wa Kwale, kuanzia tunaposhuka feri Likoni hadi Lunga Lunga, forodha haiishii Kilindini. Ipo mpakani Lunga Lunga, ipo Shimoni, ipo Vanga. Huku mzigo mara nyingi hauji kwa kontena. Unakuja kwa mashua, kwa pikipiki, kwa gunia kichwani. Na ndiyo maana kuna swali ambalo watu wa huku hulielewa upesi kuliko mawakili: serikali ikiisha kukamata sukari kwa kuwa ni haramu, inawezaje kuiuza baadaye ikiwa halali? Sukari imebadilika nini?

Haijabadilika kitu. Mara nyingi kosa halikuwa la mali, lilikuwa la njia iliyopitia. Mali imepita pasipo ushuru, pasipo karatasi, au pasipo ruhusa. Serikali ikiitwaa na kuipiga mnada, ushuru unapatikana, karatasi inaandikwa, na mali inaingia sokoni ikiwa safi. Lakini kuna mali nyingine ambayo kosa ni lake lenyewe: dawa za kulevya, chakula chenye sumu, dawa bandia. Hiyo haisafishwi na nyundo ya dalali. Sheria nzima ya kuuza mali iliyokamatwa imesimama juu ya tofauti hii, na historia ya pwani yetu inaonyesha ni mara ngapi tofauti hiyo imevurugwa, na nani alilipa.

Forodha ya kukodisha

Maneno yenyewe yana umri. Ushuru ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kumi. Forodha nayo ilitoka kwenye neno la bandari, mahali vyombo vinaposhusha. Mnada ni mwito, na mnadi ni yule anayepaza sauti. Dalali tulikuwa naye zamani. Kwa hiyo Mwingereza alipofika na vitabu vyake vya stakabadhi, pwani hii ilikuwa inajua kutoza, kukamata na kunadi.

Ila aliyetoza hakuwa serikali kama tunavyoifikiria leo. Katika karne ya 19, Sayyid Said wa Zanzibar aliikodisha forodha. Kuanzia miaka ya 1830 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyotoka Kachchh huko India, ilishika ukodishaji huo kwa miongo mingi. Mkodishaji alimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, na alichokusanya zaidi kilikuwa chake. Mkataba na Marekani wa 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za Wamarekani, na ule wa Uingereza wa 1839 ukafuata kiwango hicho. Baadaye, mwaka 1876, kazi hiyo ilishikwa na Taria Topan.

Tafakari maana yake. Bwana forodha alikuwa mfanyabiashara, mkopeshaji na mtoza ushuru kwa wakati mmoja. Aliyepitisha pembe au sandarusi kwa mlango wa nyuma hakumwibia mfalme, alimwibia tajiri mwenye mkataba. Na tajiri huyo alijua bei ya kila kitu sokoni, kwa sababu soko lilikuwa lake pia.

Mwaka 1887 Sultani Barghash aliikodisha pwani kwa chama cha William Mackinnon, kutoka mto Umba, hapo Vanga, hadi Kipini. Forodha ilikuwa ndani ya mkataba. Mwaka uliofuata chama hicho kikapata hati ya kifalme na kuwa Kampuni ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, na Shimoni ikawa mojawapo ya vituo vyake vya mwanzo. Mwaka 1895 kampuni ikanunuliwa na utawala ukahamia kwa serikali ya Uingereza. Kwa hiyo kabla ya forodha kuanza kuuza mali za watu, forodha yenyewe ilikodishwa na kuuzwa kama duka.

Anayekamata na anayekula

Wakati huo huo baharini palikuwa na mkono mwingine wa kukamata. Katika miaka ya 1860 na 1870 manowari za Uingereza ziliyasaka majahazi yaliyobeba watumwa kati ya Kilwa, Zanzibar, pwani yetu hii na Uarabuni. Uovu wa biashara ile hauna mjadala. Lakini utaratibu wa malipo ndio unaohusu mada yetu. Mabaharia walilipwa tuzo: £5 kwa kila mtumwa aliyekombolewa, au malipo kwa tani za chombo pale ambapo jahazi lilihukumiwa kuwa la watumwa bila kukutwa na watumwa wengi. Kesi zilisikizwa na konsuli wa Uingereza Zanzibar akiwa na mamlaka ya mahakama ya bahari.

Sasa, kulikokota jahazi mpaka Zanzibar dhidi ya upepo si mchezo. Mengi yalichomwa moto pale pale yalipokamatwa. Aliyelipima jahazi ndiye aliyelichoma, na ndiye aliyeleta ushahidi mahakamani, na ndiye aliyelipwa kwa tani. Haikuchukua muda malalamiko yakazuka, kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani na hata kwa maofisa wa Kiingereza wenyewe, kwamba majahazi ya watu wenye biashara halali yalikuwa yakichomwa pamoja na yenye hatia. Jahazi likiisha kuwa majivu, nani atalipima upya?

Wamarekani walilipata somo hilo upande wao. Sheria yao ya forodha ya 1789 iligawa thamani ya mali iliyotwaliwa: nusu kwa hazina, nusu kwa maofisa wa bandari na mpelelezi aliyetoa habari. Maofisa wa forodha wa New York wakatajirika. Fujo ilipozidi, Bunge likafuta mgao huo mwaka 1874. Yaani iliwachukua miaka 85 kukubali jambo ambalo mvuvi wa Wasini angelisema kwa sentensi moja: anayekamata akiwa ndiye anayekula, hatakosa cha kukamata.

Mpaka wafika Vanga

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1886 ulichora mstari kutoka mdomo wa mto Umba kuelekea ziwa Jipe. Vanga ikabaki huku, Jasini ikawa kule. Wadigo, Wavumba na Wasegeju wakawa pande zote mbili. Hapo ndipo njia ya kwenda kwa shemeji ilipogeuka kuwa njia ya kuingiza na kutoa bidhaa.

Kwa muda mrefu mpaka huo haukuuma sana. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, na Tanganyika ikaingia hatua kwa hatua katika miaka ya 1920. Uhuru ulipokuja, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 ikaendeleza ushirikiano huo, ingawa kwa manung'uniko. Kisha Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mwaka huo huo Jumuiya ikafa. Mpaka haukufunguliwa tena hadi mwishoni mwa 1983.

Hebu fikiria miaka ile sita na ushee. Mzigo uliokuwa biashara mwezi wa kwanza ukawa magendo mwezi wa pili. Njia ni ile ile ya mikokoni, mtumbwi ni ule ule, mtu ni yule yule. Tanzania ilikuwa imekaukiwa sabuni, mafuta ya kupikia na nguo, na vitu hivyo vilikuwa madukani Ukunda na Msambweni. Marehemu shangazi yangu, aliyekuwa akiishi Vanga, hadi anafariki hakukubali kwamba aliwahi kufanya magendo. "Mie nilikuwa nikiwapelekea watu sabuni," ndivyo alivyosema, na kwake maneno yaliishia hapo. Mara mbili alinyang'anywa mzigo. Risiti hakupewa, na mzigo ulikwenda wapi hakujua.

Upande wa pili, mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako mkubwa dhidi ya wale walioitwa wahujumu uchumi. Bidhaa zikatolewa maghalani, na wenye bidhaa wengine, kwa hofu, wakazitupa barabarani na baharini usiku. Katika nchi iliyokuwa na uhaba wa kila kitu, watu walitupa sabuni na vitenge. Palipokosekana utaratibu unaoaminika wa kukamata, kusikiza na kuuza, mali iliharibika, na aliyeihitaji hakuipata kwa bei yoyote.

Karafuu ya Pemba

Hakuna mfano wa kosa la njia ulio wazi kuliko karafuu. Kutoka Rasi Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, hadi Shimoni ni kama kilomita 40 za bahari. Kwa upepo mzuri ni safari ya usiku mmoja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Zanzibar ikawa mnunuzi pekee wa karafuu, na kuanzia 1968 kazi hiyo ikawa ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Mkulima alilipwa sehemu ndogo tu ya bei ya soko la dunia. Huku ng'ambo, Mombasa, mnunuzi alilipa zaidi na alilipa taslimu.

Kwa hiyo karafuu ikavuka. Chini ya Rais Abeid Karume, adhabu ya kuitorosha ilifika hadi kifo. Na bado ikavuka, ikatua Shimoni, Vanga na vijiji vya katikati. Tazama kichekesho chake, kama ni cha kucheka: kwa Zanzibar lile gunia lilikuwa jinai ya kunyongewa; kwa Mombasa lilikuwa gunia la karafuu. Na likikamatwa Pemba kabla ya kuvuka, lingekwenda wapi? Njia halali ya kuiuza karafuu nje ilikuwa moja tu, kwa serikali yenyewe. Karafuu iliyokuwa haramu mkononi mwa mkulima iliuzwa na serikali katika soko lile lile la dunia alilokuwa akilikimbilia mkulima.

Kilichopunguza magendo hayo kuliko boti za doria ni hesabu. Mwaka 2011 serikali ya Zanzibar iliipandisha sana bei ya mkulima, ikaweka sera ya kumlipa asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Mtu akilipwa vizuri nyumbani, ana haja gani ya kuvuka mkondo wa Pemba usiku?

Pembe: kuuza au kuchoma

Pembe za ndovu zilianza kama kosa la njia, zikaishia kuwa kosa la mali, na mabadiliko hayo yalitokea machoni petu.

Enzi za ukoloni, idara ya wanyamapori ilikuwa na chumba chake cha pembe mjini Mombasa. Humo ziliwekwa pembe za ndovu waliokufa wenyewe, za waliopigwa risasi kwa kuvamia mashamba, na zile walizonyang'anywa wawindaji. Zote zikapigwa mnada pamoja na kusafirishwa. Katikati ya miaka ya 1950 palikuwa na kampeni kubwa Tsavo na nyika za mashariki mwake dhidi ya wawindaji wa Kiwaata, watu waliowinda ndovu kwa upinde na mshale wa sumu toka enzi za mababu. Mwaata alifungwa kwa kuwa na pembe. Pembe yenyewe ikaenda Mombasa, ikauzwa, na fedha zikaingia serikalini. Ndovu alikuwa amekufa vile vile. Tofauti ilikuwa ni nani aliyepokea pesa.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mwaka 1989 Rais Moi akachoma tani 12 za pembe mjini Nairobi, dunia ikitazama. Tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawasha moto wa tani 105, pamoja na zaidi ya tani moja ya pembe za vifaru. Ujumbe ulikuwa kwamba pembe haina bei nje ya mwili wa ndovu.

Nchi nyingine zilichagua kuuza. Mwaka 1999 Botswana, Namibia na Zimbabwe ziliruhusiwa chini ya mkataba wa CITES kuuza akiba zao kwa Japani, na mwaka 2008 palikuwa na mauzo mengine kwa China na Japani. Mwaka 2010, kwenye mkutano wa Doha, Tanzania iliomba kuuza karibu tani 90 ikakataliwa. Lakini kuna sharti moja katika yale mauzo yaliyoruhusiwa ambalo watu hulisahau: pembe zilizokamatwa kwa wahalifu hazikuruhusiwa kuingia. Ziliuzwa zile tu zenye asili inayojulikana. Dunia ilikubali kwamba serikali ikianza kuuza kilichokamatwa, mtoroshaji hupata mahali pa kuchanganyia chake.

Sisemi kwamba moto hauumi. Mkulima wa kandokando ya Shimba Hills, ambaye mahindi yake yameliwa na ndovu usiku kucha, akiona mabilioni yanageuka moshi kwenye runinga, ana haki ya kuuliza fidia yake iko wapi. Ila angalau uamuzi ule ulisema ukweli juu ya aina ya kosa. Ilitangazwa kuwa mali ndiyo mbaya, na mali ikateketezwa hadharani. Hivyo hivyo Agosti 2014, meli ya MV Al Noor, iliyokamatwa na heroini, ilipolipuliwa baharini nje ya Mombasa huku Rais akishuhudia. Watu walibishana kuhusu mahakama na ushahidi, na ubishi huo ulikuwa wa haki, lakini hakuna aliyedhani heroini ile ingepigwa mnada.

Tani 250

Turudi kwenye sheria ya leo, ile ya 2004, inayotumika katika Jumuiya yote. Imegawa mambo katika mafungu mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni mali iliyotelekezwa, hiyo ya kwenye Gazeti Rasmi. Hapa hakuna mhalifu. Ikikaa ghalani siku 30, tangazo linatolewa. Zikipita siku 30 nyingine, inauzwa. Fedha zinagawiwa kwa foleni: kwanza ushuru, kisha gharama za kuihamisha na kuiuza, kisha kodi ya ghala la forodha, kisha ada za bandari, kisha nauli ya meli na mengineyo. Kikibaki kitu, mwenye mali anaweza kukidai ndani ya mwaka 1 tangu siku ya mnada. Asipodai, kinakuwa cha forodha. Ni wangapi wanaojua kwamba wana mwaka mzima wa kudai? Mimi nimeuliza watu wa Ukunda waliowahi kupoteza magari bandarini. Sijakutana na mmoja aliyejua.

La pili ni mali iliyokamatwa kwa kosa, ambayo ikithibitika inataifishwa. Hapo mwenyewe hana foleni ya kusubiria. Na si mzigo peke yake. Kifungu cha 211 kinasema kwamba chombo cha bahari cha chini ya tani 250, pamoja na gari, mnyama au kitu chochote kilichotumika kubeba mzigo wa magendo, nacho kinaweza kutwaliwa. Punda, pikipiki, mashua, vyote vimo.

Na meli ya tani 250 na zaidi? Hiyo haitwaliwi chini ya kifungu hicho. Kamishna anaweza kuizuia mpaka nahodha alipe faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani, kisha inakwenda zake.

Najua sababu inayotolewa, na si ya kipuuzi. Meli kubwa ina mamia ya wenye mizigo na mwenye meli hawezi kujua kila kilichomo ndani ya kila kontena. Kipimo hicho cha tani 250 kimo pia katika sheria ya forodha ya Uingereza, na ni dhahiri kilitungwa na watu wenye meli. Lakini kipeleke Vanga. Hakuna chombo cha Vanga, Wasini, Gazi wala Msambweni kinachokaribia tani 250. Kwa hiyo kwenye pwani yetu kifungu hiki kina maana moja tu: mvuvi aliyekodishwa usiku mmoja kubeba magunia kumi anaweza kupoteza mashua iliyomlisha baba yake, ilhali meli iliyoshusha kontena zima la magendo Kilindini inalipa faini na kuondoka na maji kujaa. Na mashua hiyo ikishanadiwa, haimrudii hata akiachiliwa na njaa.

Sukari inayorudi

Palipo na hatari kubwa zaidi ni pale serikali inaposema mali ndiyo mbaya, kisha ikatenda kana kwamba kosa lilikuwa la njia.

Mwaka 2018 nchi nzima ilitikiswa na msako wa sukari ya magendo. Tukaambiwa nyingine haifai kuliwa na binadamu. Sehemu ya sukari iliyozuiwa mwaka huo ilihukumiwa kuwa haifai kwa chakula, na ikaamuliwa igeuzwe kuwa ethanoli ya viwandani. Hiyo ingekuwa njia ya busara. Lakini Mei 2023 Mkuu wa Utumishi wa Umma, Felix Koskei, akatangaza kusimamishwa kazi kwa maofisa 27 wa taasisi mbalimbali za serikali, kwa sababu mifuko 20,000 ya sukari hiyo ilikuwa imetolewa ghalani kinyume cha utaratibu. Miaka mitano ilikuwa imepita. Sukari iliyohukumiwa ilikuwa imepata njia ya kurudi kwa watu.

Hapo ndipo unapoona kwa nini tofauti ninayoing'ang'ania si ya kitabuni. Kama kosa lilikuwa ushuru tu, basi sukari ingepimwa, inadiwe waziwazi, na mama wa Kwale aipate kwa bei ya chini. Kama kosa lilikuwa sumu, basi ingeharibiwa mbele ya mashahidi mwaka ule ule. Kuiacha katikati kwa miaka mitano ni kumwekea mtu fulani akiba.

Yawezekana kufanya vizuri. Mwaka 2020, korona ilipoingia, KRA ilitoa ethanoli iliyokuwa imekamata ili itengenezewe vitakasa mikono. Kemikali ambayo ingeishia kwenye pombe ya kupofusha watu ikaishia kwenye viganja vyao. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu ilijulikana imetoka wapi na inakwenda wapi.

Kinachowezekana

London, katika karne ya 17, minada ilifanywa kwa kipande cha mshumaa: aliyetaja bei ya mwisho kabla moto haujazimika ndiye aliyenunua. Ulikuwa na kasoro zake, lakini kila aliyekuwamo chumbani aliuona moto ule ule. Siku hizi mnada wa KRA umehamia mtandaoni, na kwa hilo naipongeza, maana umepunguza kundi la madalali waliokuwa wakipangana bei mlangoni. Ila mwenye simu ya kitufe huko Majoreni hauoni moto.

Katiba ya 2010, ibara ya 7, inasema lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Matangazo ya kifungu cha 42 yanatoka kwa Kiingereza tupu. Kuyatafsiri si kazi ya kuishinda serikali. Ni ukurasa mmoja ambao maneno yake, kama nilivyosema, hayabadiliki. Yabandikwe Lunga Lunga, Shimoni, Vanga na kwa chifu wa Msambweni. Orodha ya mali iliyokamatwa huku iandike pia ilikokamatiwa. Mnada ukiisha, ichapishwe kila fungu liliuzwa kwa kiasi gani. Vitu vidogo vidogo, mashua moja, magunia kumi ya mchele, vinadiwe huku huku badala ya kusombwa hadi Kilindini na kuunganishwa na fungu ambalo tajiri peke yake ataliweza. Na kifungu cha tani 250 kifikishwe kwenye Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha, kwa sababu ni sheria ya Jumuiya na haiwezi kurekebishwa Nairobi peke yake. Faini ya nahodha ilingane na thamani ya mzigo, au mwenye mashua apewe naye nafasi ya kulipa faini aondoke na mashua yake.

Mwenye mashua ya Vanga hadai magendo yaruhusiwe. Ushuru ni wake pia. Ndio unaojenga zahanati na barabara, ukifika. Anachotaka ni kupewa karatasi siku anaponyang'anywa, kuambiwa kwa lugha yake ana muda gani wa kudai, na kujua mashua yake iliuzwa kwa nani na kwa bei gani. Shangazi alikufa bila kuyajua hayo kuhusu magunia yake mawili ya sabuni.